Steringi anakufa kwenye theluji: The Great Silence (1968) na kopi yake iliyosafishwa upya (uzi mrefu)

Mzee wa Mikanda (Tanga)

Wakuu habari za jioni. Mnivumilie uzi utakuwa mrefu, na kama hujaiangalia hii muvi na una mpango wa kuiangalia basi ishia hapa hapa, maana mwisho wake nitautaja wote.

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la sita, tunakaa Ngamiani. Kulikuwa na kibanda cha video, mabati na magunia, TV ya chogo moja na deki moja, benchi za mbao. Braza wangu ndo alikuwa ananilipia kiingilio. Siku hiyo tukaambiwa kuna mkanda wa kauboi mpya, na sisi kauboi tulikuwa tumezoea Trinity, ngumi na vicheko, jambazi anapigwa sufuria ya maharage kichwani watu wanafurahi wanaenda kulala. Huu ukaanza tu na mtu juu ya farasi kwenye theluji, farasi anazama mpaka magotini, hakuna anayeongea, muziki unalia kwa mbali kama mtu anayeomboleza chumba cha pili. Steringi mwenyewe bubu. Haongei kuanzia mwanzo mpaka mwisho, neno hata moja.

Sasa mnajua sheria ya kibanda, steringi hafi. Anapigwa, anachomwa, anatupwa mtoni, ila mwisho anaamka na wote tunaamka naye. Humu steringi kachomwa mkono wa kulia kwenye makaa ya moto, halafu usiku adui kawakusanya watu wamefungwa kamba ndani ya baa, kamwita steringi aje. Steringi kaja. Kasimama nje kwenye theluji peke yake, akapigwa risasi ya mkono ule mzima kutoka dirishani, akabaki hana mkono wa kushika bastola, adui akatoka nje taratibu akammalizia ya kichwa. Yule mwanamke wake akaiokota bastola, naye akapigwa. Kisha wakageukia wale waliofungwa wakawaua wote. Adui akachukua bastola ya steringi akapanda farasi akaondoka. Mwisho.

Kibandani kimya. Mwenye kibanda kawasha taa na watu hawatoki, mzee mmoja akauliza "mkanda wa pili uko wapi?" Tukarudi nyumbani braza ananishika mkono ananiambia usilie, steringi hajafa, mkanda umekatwa, sehemu ya mwisho ipo huko walikouchukua. Nimeishi na hayo maneno miaka thelathini.

Mwaka juzi ndo nikajua ile muvi inaitwa Il grande silenzio, kwa Kiingereza The Great Silence, ya Sergio Corbucci, Mtaliano yule yule wa Django. Bubu, humo anaitwa Silence, ni Jean-Louis Trintignant wa Ufaransa, adui ni Klaus Kinski, mwanamke ni Vonetta McGee, muziki wa Ennio Morricone. Nimeagiza Blu-ray, nimeiangalia mara nne, na kuna mambo nataka tuyaongee humu, la kwanza ile kopi mpya ilivyo, la pili ule mwisho. Nakuja kuendelea, watoto wanataka chakula.

Dada Nyota (Nairobi)

Mzee umenikumbusha mbali sana. Sisi huku tulizoea DJ Afro anakutafsiria kila kitu, hata farasi akikohoa unaambiwa anasema nini, kwa hivyo muvi ya mtu bubu ningependa kujua angeifanyaje. Lakini mimi nilikuja kuiona nikiwa mtu mzima na nitasema ukweli, nililala vibaya siku mbili. Si ile damu. Ni vile yule Loco, huyo Kinski, hana hasira hata kidogo. Anaua mtu halafu anatoa kadaftari kake anaandika, kama karani wa bohari. Maiti anazifukia kwenye theluji zisioze, akirudi anazichukua anaenda kulipwa. Na ukimuuliza anakwambia kila kitu kiko kwa mujibu wa sheria. Hiyo ndiyo ilinitoa usingizi, kwamba hadanganyi, kweli sheria iko na yeye.

FundiLenzi (Dar)

Mkuu Mzee wa Mikanda kabla hujaendelea nina swali moja la kifundi. Kwenye ule mkanda wa kibandani theluji ilikuwa rangi gani?

Mzee wa Mikanda

Fundi umejuaje?? Ilikuwa pinki aisee. Kama maji ya rozela yaliyochujwa mara mbili. Miaka yote nilidhani ni TV ya yule bwana.

FundiLenzi

Sio TV. Filamu za rangi za miaka ile, hizi za Eastmancolor, zina tabaka tatu za rangi, na kwenye kopi za sinema ile ya samawati-kijani ndo ilikuwa inakufa mapema kuliko wenzake. Ikifa hiyo picha yote inaelekea wekundu. Kwenye muvi ya jangwani unaweza usigundue haraka, mchanga ni mchanga, ila kwenye muvi ambayo nusu ya fremu ni nyeupe kila mtu anaona. Kwahiyo mkanda wenu ulitokana na kopi iliyochoka, mtu kaihamishia kwenye VHS, mwingine kakopi VHS kwa VHS, mpaka inafika Tanga imekuwa rozela.

Na hapa niseme kitu ambacho watu wengi hawakijui kuhusu kusafisha filamu za theluji. Unaiskani fremu kwa fremu. Muvi ya dakika 105 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 151,200. Huwezi kupitia zote kwa mkono hivyo kuna programu inatafuta uchafu, vumbi na mikwaruzo, na inavyofanya kazi inaangalia kitu kilichopo kwenye fremu moja ila hakipo fremu ya nyuma wala ya mbele, inasema huo ni uchafu, inafuta. Sasa chembe ya theluji inayopita mbele ya lenzi ikoje? Ipo fremu moja, fremu inayofuata haipo. Ukiiachia mashine ifanye inavyotaka itakufutia theluji inayoanguka, unabaki na watu wanaotembea kwenye hewa safi na weupe chini. Lazima akae mtu, aangalie kwa macho, aseme hii ni vumbi la 1968 na hii ni theluji ya 1968. Nimefanya kazi ya kuhamisha mikanda ya harusi kwenda dijitali miaka 11, kazi ndogo sana kulinganisha na hiyo, na bado nikiona mtu kafanya vizuri kazi kama hii namheshimu kutoka moyoni.

Chumbe (Unguja)

Ahsante sana sheikh wangu Fundi, hilo la theluji sikuwa nikilijua. Suali langu, hii iliyosafishwa ni ya nani na imefanywa lini? Maana mie nnayo DVD ya zamani ya Fantoma ya Marekani ya 2001, nayo wakati ule tuliiona ndo mwisho wa maneno.

Mzee wa Mikanda

Nimerudi. Kaka Chumbe, hiyo ya Fantoma iheshimu, ndo iliwafanya watu wengi waijue hii muvi baada ya miaka zaidi ya thelathini. Unajua Marekani haikuwahi kuoneshwa vizuri kwenye majumba ya sinema enzi zake, kampuni ya Fox ndo walikuwa na haki wakaikalia. Mwaka 2018, miaka hamsini kamili, ndo kampuni ya Film Movement wakaitoa Marekani ikiwa imefanyiwa ukarabati wa 2K (kiwango cha ukali wa picha ya dijitali), kwanza kwenye majumba ya sinema halafu Blu-ray. Uingereza Eureka wakatoa ya kwao 2021. Hii ya pili ndo niliyonayo mimi, na kwa faida ya wadau, Blu-ray za Afrika ni rijoni B (yaani kanda ya dunia ambayo diski imeruhusiwa kucheza) sawa na Ulaya, kwahiyo ya Uingereza inacheza kwenye deki iliyonunuliwa kwetu, ya Marekani inaweza kukugomea. Msinunue kabla hamjaangalia hicho, mimi kuna duka la mtandaoni liliniletea diski ya rijoni nyingine kabisa, nikakaa nayo mwezi mzima inanitazama.

Sasa picha yenyewe. Nataka niwe mkweli ili mtu asije akanunua akanilaumu. Usitegemee ule ukali wa muvi mpya. Picha ni laini, sehemu nyingine fokasi inapotea kabisa, hasa zumu inapovuta kutoka mbali. Nilianza kukasirika nikidhani wameharibu, baadaye nikaelewa kuwa ilipigwa hivyo hivyo. Silvano Ippoliti, mpiga picha wake, anapiga kamera mkononi, anapiga katikati ya matawi, anapiga kupitia theluji inayoruka. Na sio ile picha pana ya kauboi za kina Sergio Leone, hii ni 1.66 (upana mara 1.66 ya kimo), imesimama zaidi, inabana. Watu wamebanwa. Hata uwazi wa milima unakuwa kama ukuta.

Ila weupe! Wakuu, weupe una ngazi. Asubuhi theluji ina samawati, mchana ina njano kidogo, jioni karibu na taa inakuwa kama maziwa ya moto. Na chengachenga za filamu, zile punje ndogo ndogo za picha, wameziacha. Wangezifuta ngozi za watu zingekuwa kama nta ya mshumaa. Kuna sehemu Vonetta mumewe kauawa, kamera iko karibu kabisa na uso. Kwenye mkanda wetu ilikuwa doa jeusi kwenye pinki, hukuona chochote. Sasa hivi unaona mvuke wa pumzi unatoka mdomoni, unakatika, halafu kwa muda hautoki. Amezuia pumzi. Nimeishi miaka thelathini sijui kama alizuia pumzi.

Binti wa Kilosa (Morogoro)

Naomba tukae hapo hapo kwa Vonetta maana huwa anapitwa. Huyu dada alitoka San Francisco akaenda Italia kutafuta kazi ya uigizaji, na hii ni moja ya filamu zake mbili za kwanza. Mwaka 1968! Mwanamke mweusi kwenye muvi ya kauboi, sio mfanyakazi wa jikoni wala wa kupita nyuma na sinia, yeye ndo mwenye kisa. Mumewe kauawa kwa sababu ya zawadi iliyowekwa kichwani kwake, yeye ndo anamwita bubu, yeye ndo anataka kuuza nyumba yake ili amlipe, na mnunuzi pekee wa mji ni Pollicut, yule mwenye benki, ambaye anataka kitu kingine sio nyumba. Akimkatalia anakataa kichwa juu. Halafu kuna sehemu yeye na bubu wanapendana, inachukuliwa kwa heshima, nyuso mbili na mwanga wa moto basi. Kumbukeni ni mwaka mmoja tu tangu Mahakama Kuu ya Marekani ifute sheria za majimbo zilizokataza mtu mweupe na mweusi kuoana, ile ya 1967.

Amefariki 2010. Nilivyoona mnasema kopi mpya imeuleta uso wake nimefurahi kuliko mambo yote ya 2K.

Dada Nyota

Binti wa Kilosa hapo umesema. Na tuongeze kitu kimoja, hao wanaoitwa majambazi kule milimani si majambazi. Ni watu wenye njaa. Yule sherifu mpya Burnett (Frank Wolff, kaigiza vizuri ajabu) anatumwa na gavana alete utulivu, njiani wanamvamia, unadhani wanataka pesa? Wanataka farasi wake wamle. Wanamla. Na msamaha wa gavana uko njiani, kila mtu anajua unakuja, kwa hivyo wawindaji wa vichwa wanaharakisha kabla haujafika. Hapo ndipo mimi huumia, kwamba ilikuwa ni suala la siku chache tu.

Msafiri Padova

Habari zenu ndugu zangu, nawasoma kutoka Italia, niko huku mwaka wa 9. Nilienda Cortina d'Ampezzo na Badia mwezi wa pili mwaka jana kwa ajili ya hii muvi tu, wenzangu wa kazini walinishangaa maana watu wanaenda kule kuteleza kwenye barafu, walifanyia Olimpiki ya baridi 1956. Sehemu za milimani ni huko kweli, na baridi ile haiigizwi. Nilisimama dakika kumi nje ya gari vidole vikafa ganzi nikakumbuka Silence anavyoikunja mikono kwenye manyoya.

Ila mji wenyewe, Snow Hill, sehemu kubwa ni studio ya Elios pale Roma, na theluji yake mitaani ni povu la kunyolea ndevu. Na ukungu wanaupuliza ili usione kuwa nyuma kuna nchi ya kijani. Studio hiyo hiyo ndo Corbucci aliitumia kwa Django miaka miwili nyuma, kule akaijaza tope, huku akaijaza povu. Kwenye kopi iliyosafishwa ukiangalia vizuri chini ya miguu unaona tofauti, theluji ya kweli inakatika kwa pembe, povu linabonyea. Mimi haikunipunguzia kitu. Niliipenda zaidi, nikawaza wale mafundi wanamwaga povu usiku.

Chumbe

Na sauti je? Kitaliano au Kingereza? Mie huwa natafuta lugha ya asili.

FundiLenzi

Sheikh kwa muvi za Kitaliano za wakati ule lugha ya asili ni kazi kuipata, sauti zote waliziingiza baadaye studio. Trintignant Mfaransa, Kinski Mjerumani, Wolff na Vonetta Wamarekani, Luigi Pistilli (ndo Pollicut) Mtaliano, kila mtu anaongea anachojua halafu wanawekewa sauti. Hata majina yanabadilika, kwa Kiingereza Kinski ni Loco, kwa Kitaliano ni Tigrero. Diski zina zote mbili. Mimi napendekeza Kitaliano, sauti ya Tigrero ni ya upole zaidi, inatisha zaidi. Mtu pekee ambaye hakuna aliyemwingizia sauti ni bubu.

Mzee wa Mikanda

Sasa tuje kwenye kilichonifanya nifungue huu uzi.

Kumbukeni braza aliniambia mkanda umekatwa. Nafungua Blu-ray, naangalia muvi mpaka mwisho, inaisha vile vile kama Ngamiani. Nikakaa. Kwenye toleo la Kiingereza kuna maandishi ya mwisho yanayosema mauaji yale ndo yaliwafanya watu hatimaye wawalaani wawindaji wa vichwa. Hiyo tu ndo faraja uliyopewa. Halafu nikarudi kwenye menyu, nikaona sehemu ya nyongeza: miisho mbadala. Nikabonyeza.

Sherifu yule aliyezamishwa kwenye ziwa la barafu anatokea juu ya farasi, mzima. Anampiga Loco. Silence mkononi ana kinga ya chuma alikuwa kaificha, anawamaliza wengine. Mateka wanafunguliwa. Mwanamke yuko hai, jua linatoka, watu wanatabasamu.

Kumbe ipo! Corbucci aliipiga kweli, produsa walitaka mwisho wa furaha wa kuuza. Braza hakuwa muongo. Sehemu ya mwisho "huko walikouchukua" ilikuwepo, mahali fulani, kwenye kopo.

Niliogopa kwenda kulala. Sio kwa furaha. Nilikuwa nimeisubiri hiyo picha tangu darasa la sita na nilipoipata niliona haiwezekani, yule sio Silence, ile sio theluji ile ile. Muvi nzima inakwambia sheria iko upande wa mwenye bunduki na daftari, halafu dakika mbili za mwisho sheria inakuja juu ya farasi kutuokoa? Corbucci aliitengeneza akiwa na vifo vya Malcolm X na Che Guevara kichwani, watu ambao hakuna aliyetokea na farasi. Nauliza wadau, mnauonaje huo mwisho wa pili, ubaki kwenye diski au usiwepo kabisa?

Dada Nyota

Ubaki. Nyongeza ibaki nyongeza. Lakini mzee mimi sitawalaumu wanaoutaka. Mtu amefanya kazi siku nzima amelipa kiingilio chake, anataka kuona mnyonge ameshinda angalau mara moja. Hiyo si ujinga. Mimi niliangalia huo mwisho wa furaha mara moja, nikalia pia, kwa sababu nilijua ni uongo wa huruma.

Binti wa Kilosa

Ubaki, ila usiwekwe kama chaguo la kuangalia muvi. Wauweke pembeni. Vonetta anavyoiokota ile bastola ya bubu, ile Mauser, na mikono haijawahi kushika bunduki, hiyo ndo muvi. Ukimwacha hai hajaiokota.

FundiLenzi

Kwa upande wa kazi yetu lazima ubaki, unasafishwa unahifadhiwa. Kitu kilichopigwa kwenye filamu hakitupwi hata kama hukipendi. Na angalieni, kwenye ule mwisho wa furaha picha imechoka kuliko muvi yenyewe, rangi zimekaa tofauti, ndo sababu nyingine Mzee unahisi theluji sio ile ile. Jicho lako limeona kabla hujafikiri.

Msafiri Padova

Mzee, na braza yako je, umemuonesha?

Mzee wa Mikanda

Braza yuko Muscat, dereva wa lori, ana watoto wanne. Mwezi wa nane alikuja likizo nikamuwekea. Sikumwambia kitu. Tuliangalia sebuleni, taa zimezimwa, feni inazunguka, nje joto la Tanga mnalijua, na kwenye TV watu wanakufa kwa baridi. Ilipofika sehemu ya dirishani kajiegemeza mbele kabisa, viwiko kwenye magoti, kama pale kwenye benchi. Silence akaanguka. Braza hakusema kitu. Vonetta akaanguka. Loco akapanda farasi akaondoka.

Nikamwambia braza subiri, ulikuwa sahihi, kuna kipande kilikatwa, kipo humu humu, nikuwekee? Nimeshika rimoti mkononi.

Akaniuliza, "Kwahiyo chini ya ile pinki, damu yake ilikuwa nyekundu hivi wakati wote?" Nikamwambia ndio, ilikuwa nyekundu wakati wote. Akaniambia, "Basi rudisha nyuma kidogo, pale anapotoka nje peke yake. Sikumuona vizuri uso siku ile, nilikuwa nakuangalia wewe."

Nikarudisha nyuma.